Kutembea Porini Bila Bunduki

Mwezi huu ninataka tutembee pamoja mbali kidogo, kwa wachimbaji wenzetu wa jimbo la Pennsylvania, kule Marekani. Musifikiri kule ni majumba marefu tu. Upande wa mashariki wa jimbo lile watu walichimba makaa ya mawe miaka mingi sana, na mpaka leo vilima vyeusi vya mabaki vinasimama, kama kile cha kwetu Lubumbashi. Kuna mji mdogo, jina lake Centralia: mwaka 1962 moto uliingia ndani ya makaa chini ya udongo, na mpaka sasa haujazimika. Karibu watu wote walihama.

Nilifika kule katikati ya Septemba 2022, nikalala kwa mzee mmoja, mtoto wa mchimba makaa. Kesho yake, saa kumi na moja ya asubuhi, akagonga mlango: "Pasta, vaa viatu. Twende tukatazame ayala."

Ayala! Mimi nilisoma juu ya nyama huyu katika Zaburi ya 42 tangu masomo ya Biblia, lakini sikumwona hata siku moja, kwa sababu Kongo hayuko. Anafanana na swala, lakini pembe zake ni kitu cha ajabu. Dume peke yake ndiye anazo, zina matawi kama mti, na kila mwaka zinaanguka zote, kisha zinaota tena mpya. Swala wetu pembe yake ikivunjika, basi, imekwisha. Ayala wa Pennsylvania ana mkia mweupe kwa chini. Akiogopa anauinua juu kama kitambaa, na wenzake wote wanakimbia.

Nikaona mzee hana bunduki. Nikamwuliza namna gani. Akasema, "Bunduki ni ya mwisho wa Novemba. Sasa ni wakati wa macho." Zamani siku ya kufungua uwindaji wa bunduki ilikuwa Jumatatu, na shule nyingi zilifungwa ili watoto waende porini na baba zao. Tangu 2019 ni Jumamosi. Lakini mwindaji mzuri anaanza kazi miezi miwili mbele.

Sasa, ninyi vijana, sikieni anavyofanya. Kwanza anapima upepo, maana ayala anasikia harufu ya mtu kutoka mbali. Anaangusha unga kidogo na kuangalia unaenda wapi. Nilicheka, kwa maana babu yangu alifanya vilevile na majivu. Pili anatafuta chakula: Septemba mbegu za mwaloni zinaanza kuanguka, na ayala anazipenda sana. Tatu anatazama majani yaliyoliwa. Sungura anakata jani safi kama kwa kisu. Ayala hana meno ya mbele kwa juu, sawasawa na mbuzi, kwa hiyo anararua, na jani linabaki na nyuzi. Nne anatazama miti midogo: dume anasugua pembe zake mpaka ganda linatoka. Mzee aliandika yote katika kadaftari.

Tukapanda juu ya kilima cheusi. Miti myembamba ilikwisha kuota pale, na katika vumbi la makaa nikaona nyayo, kwato mbili mbili, mpya kabisa. Mbele kidogo, jike na watoto wawili walikuwa wanakula. Hatukupumua. Mimi nikanong'ona, "Mzee, hapa hakuna mlinzi. Ungekuwa na bunduki?" Akajibu polepole, "Mlinzi yuko. Ni mimi."

Tuliporudi, mbele ya kahawa, alinieleza. Mwisho wa miaka ya 1800 watu walikuwa wamekata misitu na kuua ovyo, hata ayala wakawa karibu kwisha katika jimbo lile lote. Mwaka 1895 serikali ya jimbo iliweka ofisi ya kulinda nyama. Mwaka 1906 wakaleta ayala 50 kutoka jimbo la Michigan. Mwaka 1907 sheria ikakataza kuua majike. Ikachukua miaka, lakini wakaongezeka, hata baadaye iliwapasa kuruhusu majike pia, kwa kuwa ayala walizidi chakula cha msitu. Na majira yamewekwa kwa akili: watoto wanazaliwa mwezi wa tano na wa sita, na Novemba wamekwisha kuacha kunyonya.

Ndugu zangu, niliporudi nyumbani nikasimulia haya wakati wa kula bukari. Mtoto wangu wa kiume akauliza, "Baba, na hapa kwetu, nyama wako wapi?" Nikakosa jibu. Tunayo mbuga ya Upemba tangu 1939, na Kundelungu tangu 1970. Pundamilia wa mwisho wa nchi yetu nzima wako Upemba. Sheria ya uwindaji tunayo tangu 1982, nayo inasema kuna wakati wa kufunga. Lakini kando ya barabara nyama ya pori inauzwa mwaka mzima, hata jike mwenye mimba, na sisi tunanunua. Mimi pia nilinunua. Siwezi kumsema mwindaji peke yake, wakati mimi ndiye niliyemlipa.

Hatukose sheria, wala hatukose wazee wanaojua nyayo. Kinachokosa ni yule mtu wa kilima cheusi anayesema, "Mlinzi ni mimi," wakati hakuna anayemwona.

Basi, kijana, kabla mzee wa kijiji chenu hajaondoka, mwombe akupeleke porini siku moja, mikono mitupu. Akuonyeshe nyayo na majani yaliyoraruliwa. Na wewe mama, wewe baba, mkipita kando ya barabara, ulizeni kwanza: nyama huyu ameuawa wakati gani? Nyumbani kwetu tumeanza kuuliza. Siku nyingine tunapita bila kununua, tunakula bukari na sombe.