Mtoto Akiuliza Mezani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na shangazi yako ameisoma yote. Ina mambo matatu: tangu mdogo azaliwe hupati nafasi ya kukaa na Biblia, mkubwa, wa miaka minne, ameuliza mezani kwa nini anashukuriwa Mungu wakati aliyepika ni mama, na kinatakiwa kitabu cha kuwafundishia watoto imani. Kitabu kitatafutwa. Ila shangazi yako ana neno moja, na barua yote hii ni kwa ajili yake: lile swali la mezani lina thamani kuliko kitabu chochote kitakachonunuliwa.

Tangu zamani imani imepitishwa kwa watoto kupitia maswali yao wenyewe. Katika Kutoka sura ya 12 Waisraeli bado wako Misri, hawajapiga hatua, na tayari wanaelezwa watakachojibu siku watoto watakapouliza maana ya ibada ya Pasaka. Katika Yoshua sura ya 4 mawe 12 yanatolewa katikati ya Yordani na kusimamishwa Gilgali, na sababu inatajwa waziwazi: watoto watayaona, watauliza, watasimuliwa jinsi maji yalivyozuiliwa. Kumbukumbu la Torati sura ya 6, ambayo haikosi katika mahubiri ya malezi, inataka maneno ya Mungu yazungumzwe nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Wengi huishia hapo. Wangeendelea hadi mwisho wa sura wangemkuta mtoto anayeuliza. Utaratibu ni ule ule: mtu mzima anafanya jambo linaloonekana, mtoto anauliza, ndipo mtu mzima anafungua kinywa. Wayahudi wameushika mpaka leo. Usiku wa Pasaka, kwa desturi yao, maswali manne huulizwa na aliye mdogo kuliko wote mezani, na habari ya kutoka Misri husimuliwa kumjibu yeye.

Wazazi Wakristo wengi huanzia mwisho. Mtoto akimwaga uji anasomewa mstari. Akiokota ua anaelezwa uumbaji. Akigombana na mwenzake anapewa habari za Kaini na Habili kabla hajamaliza kulia. Akifika miaka saba amekwisha kuzoea kuitikia bila kusikiliza. Mama mwenye watoto wadogo hadaiwi mahubiri kutwa. Anachodaiwa ni kuyatenda mambo ya imani mahali ambapo watoto wanaweza kuyaona, kisha kuwa na subira mpaka aulizwe.

Sasa swali lenyewe la mezani, na wa kutusaidia kulijibu ni Martin Luther. Mwaka 1528 alishiriki kukagua sharika za Saksonia, akasikitishwa kuona watu, na hata wachungaji, wasivyojua mambo ya msingi kabisa. Mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekismo Ndogo. Kwetu watoto huifahamu wakifika darasa la kipaimara, wakiikariri ili wasiaibike mbele ya mchungaji. Alipoiandika, mwanawe Hans alikuwa bado mtoto mdogo, na kitabu chenyewe kilikusudiwa kitumike nyumbani, baba wa familia akiwafundisha watu wa nyumba yake kwa maneno mepesi. Ndiyo maana kinakwenda kwa kuuliza kila mara: maana yake nini?

Katika sehemu ya Sala ya Bwana, Luther hakuacha mkate wa kila siku ubaki mkate tu. Alihesabu humo chakula na mavazi, nyumba na shamba, mifugo, fedha, mume au mke mwema, hali nzuri ya hewa, serikali njema, majirani waaminifu. Mtoto wa miaka minne anaweza kupewa orodha ya namna hiyo kutoka sahani yake mwenyewe. Kwanza akubaliwe kwamba ni kweli, mama ndiye aliyepika, asionekane amekosea. Halafu aulizwe mchele umetoka wapi. Dukani. Na mwenye duka aliupata kwa nani? Kuna dereva wa lori, kuna wakulima wa Kyela waliosimama kwenye matope wakiotesha mpunga, kuna mvua iliyonyesha, na mvua hiyo hakuna dereva aliyeipakia. Kuna pia afya ya mama iliyomwezesha kusimama jikoni. Ukifika hapo, nyamaza. Mara nyingi mtoto ataendeleza mwenyewe, atamtaja kuku aliyetaga yai, na siku nyingine atasali sala ndefu mno akishukuru kwa kila aliyehusika mpaka chakula kipoe. Mwache amalize.

Yesu mwenyewe aliyatazama mambo ya nyumbani kwa makini, jambo ambalo wasomaji wengi hawalitilii maanani. Katika Mathayo 13 anamweka mbele yetu mwanamke na chachu yake ndani ya pishi tatu za unga, unga wa kulisha karamu nzima. Katika Luka 15 mwanamke mwingine anawasha taa, anafagia nyumba, anatafuta sarafu moja kati ya kumi, na akiipata anawaita majirani. Luka 11 ina baba aliyekwisha kulala na watoto wake pembeni, mlango umefungwa, na rafiki anabisha usiku wa manane akitaka mikate mitatu. Kila mzazi aliyewahi kubembeleza mtoto hadi akasinzia anajua kwa nini baba yule hakutaka kuinuka. Hata michezo ya watoto sokoni, wengine wakipiga filimbi na wengine wakikataa kucheza, aliijua na kuitumia alipokuwa akisema na watu wazima.

Kwa hiyo jioni unapokanda unga wa mandazi, mpe mkubwa kipande chake akiweke kando na kukifunika. Asubuhi atafunua mwenyewe. Atauliza nani amekipuliza. Jibu fupi la hamira linatosha siku hiyo, na mfano wa Mathayo 13 utasomwa usiku kitandani, ukiwa bado mpya mikononi mwake.

Jumapili ya mavuno nayo ni shule kubwa, kuliko wakubwa wanavyodhani. Watu wanaleta ndizi, mahindi, mayai, kuku aliyefungwa miguu, na baada ya ibada mnada unafanyika nje. Kuku mmoja ananunuliwa, mnunuzi anamtoa tena sadaka, anauzwa upya. Mara nyingine anaishia mikononi mwa mjane. Mtoto wa miaka minne anayetazama hayo lazima atauliza kwa nini mtu alipe halafu asiondoke na kuku wake. Wazazi wengi wakati huo wanakimbilia daladala. Kaeni. Tena mtoto abebe yai lake mwenyewe hadi mbele, hata kama kuna hatari ya kulivunja.

Watu watakutajia Susanna Wesley wa Epworth, Uingereza, aliyezaa watoto 19, kumi hivi wakafika utu uzima. Anastahili kutajwa. Pamoja na kazi ya kuwalea wote hao alimtengea kila mtoto jioni yake ya kuzungumza naye peke yake, na ya mwanawe John ilikuwa Alhamisi. John alipokuwa mtu mzima, mwalimu wa Oxford, alimwandikia mama yake akiomba amkumbuke katika ile saa ya Alhamisi. Shangazi yako anakuomba uchukue hilo: dakika kumi za mtoto mmoja, simu ikiwa chumba kingine. Yasiyofaa yaachwe. Katika barua yake ya mwaka 1732 Susanna alieleza kwamba watoto wake walifundishwa kuogopa fimbo na kulia polepole walipotimiza mwaka, wengine hata kabla, na kwamba nia ya mtoto sharti ivunjwe mapema. Mtoto anayelia kwa sauti ya chini kwa hofu hatathubutu kuuliza kuhusu Mungu mezani. Wako amethubutu, na hiyo ni neema ya kulindwa.

Yapo maswali magumu zaidi, na msiba wa bibi yenu umekwisha kuyaleta. Usimwambie mtoto kwamba bibi amelala, ataogopa kitanda. Katika Yohana 11 Yesu alisema kwanza kwamba Lazaro amelala, wanafunzi wakadhani ni usingizi wa kawaida, naye akawaambia wazi kwamba amekufa. Baada ya hapo alilia, kisha akafika kaburini. Mtoto aambiwe hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo: bibi amekufa, tunalia, na tunamngojea Bwana aliyeshinda kaburi.

Kisha jambo la toba. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika uliwafundisha watu kukiri makosa kwa wale waliowakosea, wakianzia nyumbani. Festo Kivengere, aliyefundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972, alisimulia jinsi alivyogombana na mkewe alipokuwa akienda kuhubiri, na jinsi Roho alivyomrudisha amwombe msamaha kwanza. Desturi hiyo ingali na nguvu. Siku utakapomfokea mkubwa kwa kosa la mdogo, piga magoti mpaka macho yenu yawe sawa, umwambie, “Mama amekosea, nisamehe.” Wapo wazee watakaosema unashusha heshima yako. Waheshimu, usiwafuate katika hilo. Mtoto hataelewa msamaha wa Mungu kwa kusikia habari zake katika nyumba ambayo watoto peke yao ndio huomba radhi.

Kuhusu muda wa Biblia, usijihukumu. Mdogo akinyonya saa tisa usiku, mstari mmoja unaoukumbuka kwa moyo unatosha; na watoto wakikuamsha tena, kumbuka kwamba mzee Eli aliamshwa na mtoto Samweli mara tatu usiku mmoja bila kumkaripia.

Mumeo naye asome sehemu hii. Mwaka 1522, miaka mitatu kabla hajaoa, Luther aliandika kwamba baba akifua nepi za mwanawe na watu wakamcheka, Mungu na malaika wake hufurahi, kwa kuwa anafanya hivyo kwa imani. Nepi za mdogo ziko kwenye beseni, na mkubwa akimwona baba yake anazifua, bila shaka atauliza.

Kitabu ulichoomba kitaletwa na binamu yako akija huko mwisho wa mwezi, pamoja na unga wa lishe wa mdogo. Andika tena, na safari hii uyaandike maswali ya mkubwa kama anavyoyasema mwenyewe.

Ni mimi,
Shangazi yako