Fuateni Miembe

Huu ni mwaka wa sita naishi Antalya, kusini mwa Uturuki. Siku za mapumziko nafunga viatu na kuingia Njia ya Likia, njia ya miguu ya zaidi ya kilomita 500 iliyofunguliwa mwaka 1999. Upande mmoja bahari, upande wa pili milima, na kati yake magofu ya miji ya kale. Alama zake ni mistari miwili iliyopakwa kwenye mawe, mmoja mweupe na mwingine mwekundu. Ukiiona, hujapotea.

Mahali panaponigusa zaidi ni Patara. Ulikuwa mji wa bandari, mchanga ukaiziba bandari, meli zikakoma kuja. Leo pale zilipotia nanga pamebaki kinamasi. Kila nikisimama hapo nauwaza mji wa kwetu, Ujiji.

Julai nilirudi nyumbani, Kigoma mwisho wa reli, na mjomba akanipeleka Ujiji. Livingstone na Stanley walipokutana pale mwaka 1871, chini ya mwembe, maji yalikuwa karibu. Tangu hapo ziwa limerudi nyuma. Kutoka kwenye mnara wa kumbukumbu inabidi utembee kuyafikia maji. Lakini Patara umebaki mawe, na Ujiji unaishi: dagaa wameanikwa juani, mawese yanapimwa kwenye madumu, watoto wanatoka madrasa.

Tukaelekea mashariki kwa miguu, kwenye njia ya misafara iliyokwenda Tabora hadi Bagamoyo. Wapagazi waliipita na pembe za ndovu mabegani, na mateka waliipita kwa minyororo, wengi wasirudi tena makwao. Majina ya wageni wawili dunia nzima inayajua. Ya hao hayakuandikwa. Kwenye njia hii hakuna alama ya rangi. Tulimkuta bibi mmoja akipepeta mchele.

"Shikamoo, bibi. Njia ya zamani ni ipi?"

"Marahaba, wanangu. Fuateni miembe. Pale ilipokatwa, ulizeni tena."

Akatuketisha, akatupa maji, akatusimulia aliyoyasikia kwa babu yake. Tuliondoka jua limeinama.

Kule Uturuki naweza kutembea siku nzima nisimsalimie mtu, na nisipotee. Kwetu njia imo vinywani mwa watu; ukitaka kuijua, lazima uketi. Naupenda utaratibu huu kwa moyo wote, na ndiyo maana nauhofia. Miembe inakatwa, wazee wanaondoka. Siku moja tutauliza tena, na wa kujibu hayupo.

Uzuri hatukupungukiwa. Tahtalı, mlima ulio juu ya pwani ya Antalya, na Nkungwe wa Mahale, kwetu Kigoma, yote imepita mita 2,300, na chini ya Nkungwe kuna mchanga mweupe na maji ya ziwa la pili duniani kwa kina. Wageni wanakuja kuona sokwe wa Mahale na Gombe. Njia ya misafara nayo imo kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006. Inayokosekana ni kazi ndogo ya karibu: rangi kwenye mawe pale miembe ilipokatwa, na simulizi za wazee zilizorekodiwa kwa sauti zao wenyewe.

Nitarudi Desemba. Rangi inaweza kungoja kidogo, mawe hayaendi popote. Nitaanza kwa yule bibi, nikiwa na kinasa sauti, na safari hii nitaketi mpaka amalize.