Asiyepimwa Hakadiriwi

Siku moja kabla Mazembe haijapambana na Lupopo, mji wetu wa Lubumbashi hugeuka kuwa mji wa manabii. Kamalondo, Katuba, Ruashi, kote huko kila fundi wa cherehani, kila dereva na kila mama auzaye samaki sokoni anajua ni nani atakayeshinda, tena kwa mabao mangapi. Kesho yake wengi wao hunyamaza kimya. Na mwezi wa Desemba mwaka 2010, Mazembe ilipoishinda Internacional ya Brazil kwa mabao 2 kwa 0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, ni manabii wangapi waliokuwa wamelisema jambo hilo?

Basi, msomaji mpenzi, yafaa tutenge mambo mawili: kupiga ramli na kukadiria. Apigaye ramli hutaja matokeo bila sababu, na akikosea humtafuta mchawi. Akadiriaye huiweka hesabu yake mezani, watu wote waione, na akikosea, kosa lenyewe humfundisha. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na leo nataka kuwaelezeni kazi moja ya kukadiria ambayo wasomi wa vyuo vikuu vya ng'ambo wameiandikia hata tasnifu za udaktari. Wao hutafuta kujua mapema ni mwendo gani, mruko gani au mtupo gani utakaopata medali ya dhahabu katika Paralimpiki, yaani michezo mikuu ya watu wenye ulemavu, ambayo huitishwa kila baada ya miaka minne.

Pengine mtu atauliza: ya nini taabu hiyo yote? Mbona tusingoje tukaona? Jibu ni kwamba mkimbiaji hatengenezwi kwa mwezi mmoja. Mfundishaji wake hana budi kujua shabaha iko wapi, miaka mingi kabla. Tena ziko serikali, kama ile ya Uingereza, ambazo huangalia sana matumaini ya medali zinapogawa fedha za michezo. Kwa hiyo kadirio si maneno ya kupitishia wakati. Laweza kumpa mtu mwalimu, viatu na chakula, au laweza kumnyima vyote.

Njia ya wasomi hao si fumbo. Hukusanya matokeo bora ya kila mwaka, huyapanga kwa tarehe, hutazama yanapanda au yanashuka kwa kiasi gani, kisha huurefusha mstari mpaka mwaka unaokuja. Mwenye busara hataji tarakimu moja tu; husema, "Yaelekea itakuwa kati ya hapa na pale."

Lakini katika michezo ya wenye ulemavu mstari huo ni mgumu kuchora. Wanamichezo hupangwa katika madaraja, ili kila mmoja ashindane na wenye ulemavu unaofanana na wake. Wakimbiaji wasioona kabisa, au karibu kabisa, wako daraja la T11. Waonao kidogo wako T12 na T13. Washindanao kwa viti vya magurudumu wako T51 hata T54. Kila daraja lina mashindano yake, na katika mengine washindani ni wachache mno, hivyo na tarakimu ni chache. Isitoshe, madaraja yenyewe hubadilishwa. Mwaka 2018 wakimbiao kwa miguu ya bandia walipewa madaraja mapya, T61 hata T64, na hesabu za zamani hazikuungana vema tena na zile mpya.

Natoa mfano ambao nimewapa wanafunzi wangu ubaoni. Ni mbio za mita 1500 za daraja la T11. Mwaka 2012 huko London alishinda Samwel Mushai Kimani wa Kenya (nasema nchi ya Kenya, si mtaa wetu wa Kenya), kwa dakika 3 na sekunde 58.37, akaweka rekodi ya dunia. Mwaka 2016 huko Rio de Janeiro alishinda tena yeye yule, ila kwa dakika 4 na sekunde 3.25. Nikawaambia wanafunzi: "Haya, kadirieni mshindi wa Tokyo."

Wengi walifanya haraka. Walisema mshindi amechelewa kwa karibu sekunde 5 katika miaka minne, basi atachelewa tena kwa kiasi hicho hicho: dakika 4 na sekunde 8. Msichana mmoja alijumlisha zile mbili akagawa kwa mbili, akapata dakika 4 na sekunde 0.81. Ndipo nikawaandikia ukweli. Michezo ya Tokyo ilipofanyika, mwaka 2021, Yeltsin Jacques wa Brazil alishinda kwa dakika 3 na sekunde 57.60. Wale wa kwanza walikosea kwa zaidi ya sekunde 10, na msichana yule kwa sekunde 3 na kidogo. Na huko Paris mwaka 2024 Jacques alishinda tena kwa dakika 3 na sekunde 55.82, rekodi mpya ya dunia. Darasa zima lilijionea kwamba tarakimu mbili ni msingi mwembamba mno wa kujengea nyumba.

Jambo la pili walilopaswa kulijua ni kwamba mkimbiaji wa T11 hakimbii peke yake. Hufungwa kamba fupi pamoja na kiongozi anayeona, nao hulinganisha mikono na hatua zao. Kiongozi huyo hana ruhusa ya kufika mwisho kabla ya asiyeona, lakini lazima awe na mbio za kutosha kwenda naye, na pumzi ya kumwambia habari za njia. Kwa hiyo anayekadiria inampasa kupima miili miwili.

Mkumbukeni Henry Wanyoike, Mkenya aliyepatwa na kiharusi mwaka 1995 akapoteza macho yake. Katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 alikuwa akiongoza mbio za mita 5000, na karibu na mwisho kiongozi wake ndiye aliyeishiwa nguvu. Kipofu akawa anamvuta na kumtia moyo yule aonaye, mpaka wakafika, na dhahabu ikawa yake. Miaka minne baadaye, huko Athens, alishinda mita 5000 na mita 10,000 pia. Ni msomi gani angeweza kuandika katika jedwali lake kwamba siku ya fainali mwenye macho ndiye atakayevutwa?

La tatu ndilo lililowashangaza wanafunzi kuliko yote. Mwezi wa Agosti 2016, Matthew Centrowitz wa Marekani alishinda mita 1500 za Olimpiki huko Rio kwa dakika 3 na sekunde 50.00. Mwezi wa Septemba, katika uwanja ule ule, wanaume waonao kidogo, wa daraja la T13, walikimbia mita 1500 za Paralimpiki. Abdellatif Baka wa Algeria alishinda kwa dakika 3 na sekunde 48.29, wa pili alikuwa Tamiru Demisse wa Ethiopia, wa tatu Henry Kirwa wa Kenya, na wa nne Fouad Baka, ndugu yake mshindi. Wote wanne walikuwa na muda bora kuliko ule wa bingwa wa Olimpiki!

Darasa lilipiga makofi. Hata hivyo niliwaomba watulie, maana kweli haihitaji kutiwa chumvi. Centrowitz alikuwa amewahi kukimbia umbali huo kwa dakika 3 na sekunde 30.40, mwaka 2015. Katika fainali ile wakimbiaji walienda polepole wakiviziana, kila mmoja akitunza nguvu zake za mzunguko wa mwisho. Ndiyo ikawa fainali ya polepole kuliko zote tangu mwaka 1932. Saa haisemi nguvu ya mtu tu. Yasema pia jinsi mashindano yalivyoendeshwa siku ile. Sifa ya Baka na wenzake yasimama bila kumshusha mtu mwingine.

Sasa turudi kwetu. Nchi yetu ilipeleka wanamichezo katika Paralimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Nikitafuta kukadiria nani wa Katanga atakayeng'aa huko siku zijazo, sina mstari wa kurefusha, kwa sababu sina tarakimu. Tazameni siku ya michezo katika shule zetu nyingi. Wenye miguu mizima hukimbia. Mtoto ambaye polio imemnyausha mguu huketi chini ya mwembe, akitunza mashati na viatu vya wenzake. Hakuna amchukiaye, wengine hata humhurumia sana. Ila hakuna anayempima.

Katika darasa langu yuko kijana wa namna hiyo, atembeaye kwa magongo mawili. Mwaka huu tulipima mita 60 katika uwanja wa shule, nikashika saa ya simu yangu, na kila Ijumaa baada ya masomo akazikata kwa magongo yake, huku wenzake wakimhesabia. Mara ya kwanza sekunde 41, kisha 38, kisha 39, kisha 36. Niliziandika katika daftari mbele yake. Ijumaa ya tano, kabla hajaanza, aliniuliza: "Mwalimu, kwa hesabu yako, mwisho wa mwaka nitakuwa na ngapi?"

Swali lile lilinigusa moyo. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemsikia akiuliza habari za masomo, za karo, za dawa. Kamwe hakuwa ameuliza habari za nguvu zake mwenyewe za kesho. Tulikaa chini tukafanya hesabu pamoja: tukakubaliana kati ya 32 na 35, tukaliandika kadirio letu, na tarehe.

Simwahidi Paralimpiki, wala nisingethubutu. Magongo yake ni ya mbao, na uwanja wetu una mawe. Lakini naona wazi kwamba elimu ile ya udaktari, pamoja na mashine zake zote, huanzia mahali pale pale tulipoanzia sisi: mtu mmoja akishika saa, na mwingine akikubali kupimwa.

Enyi walimu wenzangu, nanyi wazazi, msimwache mtoto chini ya mwembe. Mpimieni umbali wake, mwandikieni tarakimu zake, za kushuka na za kupanda. Akiwa na tarakimu nne, atakuwa na njia ya kutazama nyuma. Na atazamaye nyuma akaona ameendelea, hana budi kuuliza habari za mbele.