Kopo la Maji Mjini Lisbon

Wahenga walinena kuwa safari ni hatua. Hawakusema ni hatua ngapi, wala hawakusema miguu itavimba kiasi gani. Mimi niliyajua hayo katika likizo ya Agosti mwaka 2024, nilipofuatana na mamangu hadi Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Mpenzi msomaji, usidhani tulikwenda kutalii. Tulikwenda kumchukua mgonjwa.

Mjomba wangu ni baharia. Meli yao ilipokuwa karibu na pwani ya Ureno, alishikwa na maumivu ya tumbo yasiyo na kifani. Kumbe kidole tumbo kilikuwa kimepasuka! Aliteremshwa Lisbon akiwa hajitambui, akafanyiwa upasuaji usiku uo huo. Habari zilipotufikia Mombasa, nyanya alilia hadi sauti ikamkauka. Majirani wakafanya harambee, na mama akaambiwa aende akamlete ndugu yake. Sasa mama ana busara ya kugawia mtaa mzima, ila Kiingereza hakimwendei. Basi nikachaguliwa mimi, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, niwe mkalimani.

Tuliondoka Mombasa jioni kwa basi, tukafika Nairobi alfajiri. Kutwa tukashinda uwanja wa ndege. Usiku tukaruka hadi Istanbul, karibu saa saba hewani, kisha tukakaa pale saa tisa nyingine tukingojea ndege ya pili. Mama alitandika leso yake pembeni akasali, halafu akakaa wima kama mlinzi, mkoba kifuani. Kila nikimwambia alale ananijibu, "Nitalala nikimwona ndugu yangu." Ndege ya pili ilichukua saa tano hivi. Tulipotua Lisbon nilikuwa sijui leo ni Jumanne au Jumatano. Kichwa kilivuma mithili ya mzinga wa nyuki, na ardhi ilionekana kama inatembea chini ya viatu vyangu. Juu ya hayo, mzigo wetu mmoja ulikuwa umepotea njiani. Ndio uliokuwa na nguo za mama.

Lisbon umejengwa juu ya vilima, kando ya mto mpana uitwao Tejo. Nyumba ya wageni tuliyoandikiwa ilikuwa Alfama, mtaa mkongwe ulioponea tetemeko kubwa la Novemba 1, 1755. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, na makanisa yalikuwa yamefurika watu. Ardhi ikatikisika, mawimbi makubwa yakapanda kutoka mtoni, na moto ukateketeza kilichosalia. Sehemu kubwa ya mji ilijengwa upya baadaye, ikapewa barabara pana zilizonyooka. Alfama ukabaki na vichochoro vyake. Dereva wa teksi akatushusha chini ya kilima, akatuonyesha kwa kidole huko juu, akaenda zake. Gari lake halingepita.

Waama nilipotazama vichochoro vile nilijiona niko Mji wa Kale, Mombasa. Kuta zimekaribiana, nguo zimeanikwa madirishani, wazee wamekaa vizingitini. Tofauti ni ngazi. Ngazi juu ya ngazi! Jua lilikuwa bado linawaka ilhali saa yangu yasema ni saa moja ya jioni. Kule wakati wa kiangazi jua la Agosti huchwa kiasi cha saa mbili na nusu usiku. Mama alipanda, akapumzika, akapanda tena. Kwenye ngazi ya arubaini hivi akaketi chini, uso umemgeuka rangi ya jivu. "Mwanangu," akanong'ona, "mimi siwezi tena."

Moyo ulinipasuka. Tulikuja kuchukua mgonjwa mmoja, nikaona sasa ninao wawili. Nilitazama huku na huku. Mlango ukafunguka, akatoka bibi mmoja mkongwe aliyevaa nguo nyeusi. Akamtazama mama, akasema maneno mengi ya Kireno ambayo niliyasikia kama mvua juu ya mabati. Lakini katikati ya mvua ile nikasikia neno moja nililolijua: "copo". Nikashtuka. Kopo! Akaingia ndani, akarudi na kopo la maji kweli. Mama akanywa lote. Bibi yule akamshika mkono, akamwingiza ndani, akagonga ubao kwa kiganja: "Mesa, mesa." Hata mama akatabasamu. "Yuwasema tukae mezani," akaniambia. Siku hiyo mkalimani alikuwa mama.

Tulipewa supu ya mboga na mkate. Hatukuulizwa tumetoka wapi wala dini yetu ni ipi. Tulipomaliza, mjukuu wa yule bibi akatubebea mizigo hadi tulikokuwa tunakwenda. Usiku ule mama alilala bila kunijibu chochote, kichwa juu ya foronya, neno ambalo nalo, nilikuja kujua, tumelipata kwa Wareno hao hao.

Asubuhi tulikwenda hospitali. Mjomba alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, lakini alituona akacheka. "Mjomba, umekuja!" akaniambia. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Mama hakusema neno. Alimshika miguu juu ya shuka, akalia kimyakimya. Daktari akanieleza kwa Kiingereza, nami nikamfasiria mama pole pole: kidonda kinapona, lakini homa imekuwa ikirudi nyakati za usiku. Ikikaa siku mbili bila kurudi, ataruhusiwa kupanda ndege. Ikirudi, atabaki, na pengine atapasuliwa tena. Pesa zetu zilikuwa za siku nne tu. Hilo sikumfasiria mtu, kwani sote watatu tulilijua.

Siku ya pili mjomba akatufukuza. "Mkinikodolea macho hapa homa haitaogopa. Nendeni Belém mkaone alikotokea Vasco da Gama, mje mnihadithie."

Basi tulikwenda, miguu mizito, macho yamejaa mchanga wa usingizi. Belém ni pale mto unapokaribia bahari. Hapo majini pana mnara mweupe uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 16, na si mbali na hapo pana nyumba kubwa ya watawa, Jerónimos. Mawe yake yamechongwa kamba za meli, matumbawe na majani ya nchi za mbali. Sehemu ya gharama yake ililipwa kwa kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Nikagusa nguzo moja, nikajiuliza ni mizigo mingapi iliyopita baharini kwetu ndipo likasimama jiwe hili.

Ukiingia kanisani, karibu na mlango, lipo kaburi la Vasco da Gama. Sanamu yake imelala chali, viganja vimekutanishwa kifuani. Upande wa pili amelazwa Camões, mshairi aliyeisimulia safari hiyo katika utenzi uliochapishwa mwaka 1572. Mama akasimama, leso kichwani. "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. Aling'oa nanga hapa Julai 1497, akafika Mombasa Aprili 1498, wakashindwa kuaminiana na wenyeji, akaenda Malindi akapokewa vizuri na kupewa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Wakati wa kurudi, walikaa baharini karibu miezi mitatu. Kiseyeye kikawaua wengi. Walipofika tena Malindi, Januari 1499, mabaharia walikuwa hoi, na wagonjwa wao wakatafutiwa machungwa.

"Watu wetu waliwapa?" mama akauliza.

"Waliwapa."

Nikamweleza pia habari za Paulo da Gama, ndugu yake Vasco, aliyekuwa nahodha wa meli nyingine katika msafara huo. Aliugua njiani. Vasco akaacha msafara wake, akampeleka kisiwa cha Terceira kwa matumaini ya kumponya. Paulo akafia huko mwaka 1499, akazikwa huko. Vasco alirudi Lisbon peke yake kupokea sifa.

Mama alinyamaza muda mrefu. Nilijua anamfikiria nani. Nikaona uso wake umelainika, na ningeweza kuiacha hadithi hapo. Lakini hadithi haikuishia hapo, nami nilikuwa mkalimani. Nikamwambia kuwa mwaka 1502 mtu huyo huyo alirudi na majeshi, akaiteka meli iliyokuwa ikiwarudisha mahujaji kutoka Makka, akaichoma moto ikiwa na watu ndani, wanawake na watoto. Na mwaka 1505 Wareno wengine, chini ya Francisco de Almeida, wakaipora Mombasa na kuitia moto.

Mama akalitazama lile jiwe. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini tu, "Alimpoteza ndugu, akajua uchungu wake. Sasa wale wa melini, aliwadhani hawana ndugu?"

Sikuwa na jibu. Vitabu vyetu vya historia vinauliza sababu tano za kuja kwa Wareno na athari tano za utawala wao, lakini swali hilo sijalikuta katika mtihani wowote.

Jioni tulimkuta mjomba ameketi kitandani. Homa haikurudi usiku wa kwanza. Tukakesha na usiku wa pili, mama akihesabu tasbihi, mimi nikihesabu matone ya dawa. Haikurudi. Daktari akatia saini. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu vile vile, lakini ajabu ni kwamba sikumbuki uchovu wake. Leo mjomba yuko nyumbani, anatembea, na nyanya amekataza neno "meli" lisitajwe mbele yake.

Wanachama wenzangu, chama chetu hupenda kujadili asili ya maneno. Basi yaandikeni haya: kopo, meza, bendera, leso, foronya, mvinyo, nanasi. Liandikeni na gereza, ambalo kwa Kireno lilikuwa kanisa, igreja. Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593 ilikuwa na kanisa ndani, na baadaye, kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, ikawa jela. Lugha haikuchagua. Ilichukua neno la kumfungia mtu, ikachukua na neno la kumnywesha maji. Hatuwezi kulitupa moja tukabaki na jingine, na nadhani historia nayo ni hivyo hivyo.

Kila likizo wageni hupita Mji wa Kale na ramani mikononi, jua limewachoma, hawajui kushoto wala kulia. Baadhi yao ni Wareno. Ukimkuta mmoja wao ameketi ngazini ameshindwa, mpe maji kwanza. Mambo ya mwaka 1498 yasifichwe, lakini mtayazungumza akishapumua.