Gitare ya Mwenda Jean Bosco, mali yetu

Tukisema mila, wengi wanafikiri ngoma tu. Lakini hapa Katanga gitare nayo ni mila yetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyetoka Afrika ya Kusini, alimkuta Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, njo Likasi ya leo, akarekodi "Masanga". Kwa kidole gumba na cha shahada, Mwenda alipiga besi na sauti ya juu pamoja. Ungesema ni watu wawili. Akaimba Kiswahili ya kwetu. Gitare hiyo ilimfikisha Nairobi, na mwaka 1969 Newport, Marekani.

Wamarekani nao, nyimbo za watu wa milimani zilizorekodiwa Bristol mwaka 1927 walizijengea makumbusho mwaka 2014. Na sisi? Mwenda alifariki mwaka 1990. Kanda za Tracey zinatunzwa Afrika ya Kusini. Tunashukuru, lakini kanda inaleta sauti tu, haionyeshi kidole kinapita wapi.

Kwa hiyo sisi walimu tunaomba: mzee anayejua upigaji huu, aje mu masomo, akae na vijana, waangalie mikono yake. Tusingoje.