Mwaka wa kwanza si kaye na bike tu

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini kila Jumamosi tunakaa chini ya muembe na watoto wa miaka sita, tena bila mwalimu, na kama hayo ni masomo ya kulipia. Hapana, hakuna franka hata moja. Wiki hii tunawaeleza namna ilivyoanza, maana haikuanza vizuri.

Ilianza na kutapika. Septemba 2025 masomo yalipofunguliwa, binti wa mmoja wetu alitapika kila asubuhi. Jumapili hatapiki. Siku ya sikukuu hatapiki. Akiona tu shati nyeupe na sketi ya buluu, tumbo linamgeuka. Mama yake alimpa dawa ya minyoo. Sisi wenzake tukashauri majani, kila mmoja ya kwao. Wiki ya tatu tukasema huyo mtoto ana ujanja, anataka kubaki nyumbani acheze, mpe fimbo. Alimpa. Mtoto akaenda shuleni analia, akajikojolea darasani, wenzake wakamcheka, na kesho yake akatapika mara mbili. Hatufichi jambo hili, kwa sababu ushauri wa fimbo ulitoka kwetu.

Aliyegundua ni tate yake, mama wa baba, ambaye analala naye. Usiku mmoja, taa imekwisha kuzimwa, alimuuliza polepole kule shuleni kuna nini. Mtoto akajibu kwamba shuleni hakuna kitu. "Lakini mama akisema vaa haraka twende, ni vita."

Februari 2025 familia hiyo ilikuwa Luvungi. Walilala siku kadhaa na nguo mwilini, na asubuhi moja mama akasema maneno hayohayo: vaa haraka, twende. Wakavuka Ruzizi pamoja na watu wengi, wakalala Rugombo upande wa Burundi, kwenye uwanja wa mpira, na kwa siku mbili baba hakujulikana yuko wapi. Sasa wako Uvira, baba yupo, chakula kinapatikana, na sisi wakubwa tulifikiri mambo yamekwisha. Kumbe kila asubuhi saa kumi na mbili mama anasimama mlangoni na beseni yake, anachelewa samaki, anasema: vaa haraka, twende. Alipoambiwa alikaa chini palepale, na siku hiyo hakwenda kuuza.

Walibadili maneno kwanza. Nguo za shule na kaye vinatayarishwa jioni, mtoto mwenyewe anavipanga. Asubuhi mama anamwambia: leo ni Jumanne, unaenda kusoma, mimi niko Kalundu kwa ndagala, saa sita tate atakuwa kwenye mlango wa shule. Na lazima tate awe pale kweli. Siku moja alichelewa kwa sababu ya foleni ya maji na mabidoni, na wiki nzima tuliyoijenga ikaanguka. Baadaye mama akapata wazo lake mwenyewe: akamfungia mtoto ufunguo wa nyumba kwa kamba shingoni, ili ajue kwamba mama hawezi kuingia ndani bila yeye. (Ufunguo ulipotea mara moja, na kufuli ikavunjwa kwa jiwe. Kufuli mpya ni bei, lakini mama anasema si hasara.) Kutapika kulipungua kidogo kidogo. Jumatatu nyingine bado kunarudi.

Baada ya hapo tukaona aibu kidogo, tukaanza kuwauliza watoto wetu wote swali ambalo hatukuwa tumewauliza. Tulizoea kuuliza: umepata pointi ngapi? Sasa tukauliza: leo uliogopa nini? Majibu yalitushangaza. Watatu walitaja choo cha shule, shimo ni kubwa, mlango haufungi, na wakubwa wanasukuma. Ndiyo maana hawanywi maji asubuhi na wanarudi na kichwa kinauma. Mwingine aliogopa kuitwa jina mbele ya wote. Na wengi walitaja mvua. Watoto hawa walikuwa mgongoni mwetu Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba usiku na kuua watu. Hawawezi kukumbuka. Lakini wanatuona sisi, mvua ikipiga bati usiku tunaamka, tunatoa vitu chini, tunasikiliza. Mtoto aliyekesha hivyo hawezi kutofautisha b na d saa mbili asubuhi. Hapo si suala la akili.

Kuhusu lugha tuligombana, tena sana. Kuna kijana mdogo aliyeletwa mjini kutoka milima ya Lemera kwa shangazi yake, mmoja wetu. Nyumbani kwao ni Kifuliiru. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kifaransa hakuna. Mwezi mzima hakufungua mdomo darasani, na shangazi akapewa habari kwamba mtoto huyu labda hana akili ya masomo. Siku moja kaye yake ilipatikana ndani ya gunia la makala. Aliificha kwa sababu ya wino mwekundu.

Baadhi yetu walisema dawa ni Kifaransa zaidi, azungumziwe Kifaransa hata nyumbani, maana kazi inapatikana kwa Kifaransa. Wengine walikataa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundisha, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Mtoto akijua kwanza kwamba herufi zinabeba neno analolijua, kama *mama* au *maji*, siku ya kusoma *maman* atakuwa na mahali pa kushika. Akianza na neno asilolielewa, anaimba tu kama kasuku, nasi tunapiga makofi. Hatukumaliza ubishi huo, na wenye mawazo ya Kifaransa bado wanakuja Jumamosi. Lakini shangazi alianza kumwambia hadithi kwa Kifuliiru jioni, na kumuuliza maneno yake: kuku mnamwitaje kwenu, moto mnauitaje? Kijana akawa mwalimu, na anayefundisha lazima aseme. Sasa anasema, kwa Kiswahili chenye makosa, na anasema hata akikatazwa.

Kwa mwalimu tulikwenda mara mbili. Mara ya kwanza tulikwenda wanane, tena saa ya kazi, kulalamika juu ya wino mwekundu na habari ya mtoto asiye na akili. Yalikuwa makelele, na direkta akatuomba tutoke. Mara ya pili walikwenda wawili tu, baada ya watoto kutoka, wakasalimia kwanza. Mwalimu akawaonyesha darasa. Tangu shule za msingi za serikali zilipokuwa bila malipo Septemba 2019, watoto ambao wangebaki nyumbani wameingia, na tunashukuru, wengi ni wa kwetu. Lakini benchi moja lina watoto watano. Mwalimu alisema hawezi kumsikia kila mmoja akisoma hata mara moja kwa siku. Akatuomba mambo madogo: mtoto ale kitu kabla ya kutoka, hata kiporo cha ugali, alale mapema, na nyumbani mtu amsikilize akisoma dakika kumi. Wale wawili wakamwambia habari ya kutapika na habari ya Kifuliiru. Hakuwa anajua. Siku iliyofuata alimhamisha binti karibu na mlango, mahali anapoweza kuona njia.

Dakika kumi za kusikiliza ndizo zilituletea muembe. Maana wengi wetu walinyamaza, na mwisho mama mmoja akasema wazi: mimi sikusoma, nitasikiliza nini? Alikuwa anashika buku jioni na kujifanya anafuata, mpaka mtoto akamwambia, mama, umeligeuza. Jioni hiyo akamwambia mwanawe ukweli: sikupata bahati ya kusoma, wewe unionyeshe. Mtoto hakumdharau hata kidogo. Alichukua kijiti akaandika mchangani, kwa ukali kama mwalimu wake. Leo mama huyo anaandika jina lake kwenye daftari la kikundi cha akiba, mahali alipokuwa anaweka dole gumba.

Kwa hiyo Jumamosi hatufundishi. Tunasikiliza, na tunahesabu vilivyopo. Ndagala kumi juu ya sahani, jirani akichukua watatu wanabaki wangapi, na tate akila wawili kabla hujajibu? Wanacheka, na kujumlisha kunaingia. Anayekosea anahesabu tena kwa kidole, hakuna anayepigwa. Tulikubaliana hivyo, ingawa kuacha mkono si rahisi, na wiki mbili zilizopita mmoja wetu alimzaba mwanawe kofi mbele ya wote kwa sababu ya tano iliyogeuzwa. Alimwomba msamaha Jumamosi iliyofuata. Watoto walishangaa kuliko sisi.

Ratiba yetu, kama mjuavyo, inafuata mwezi wa angani. Usiku wa giza wavuvi wako ziwani na taa zao, alfajiri sisi tuko ufukoni, na jioni tumechoka kabisa. Mwezi ukijaa ndagala ni wachache, baba wako nyumbani, nao tunawadai dakika kumi zao. Wawili wamekubali. Mmoja anasema kusoma na mtoto ni kazi ya mwanamke, lakini ameonekana akisikiliza nyuma ya mlango.

Jumamosi hii ni siku za giza, kwa hiyo hatutakutana asubuhi. Njooni saa tisa, ndagala wakiisha kuanuliwa. Kila mmoja alete kitu cha kukalia, na mwenye kipande cha chaki asikisahau.