Kitufe kimoja, usingizi wa wiki nzima

Wadau, samahani kwa ukimya. Wiki nzima nimelala saa nane usiku kwa sababu ya kitufe. Ndiyo, kitufe! Msicheke.

Mnaikumbuka projekti yangu ya mwaka wa mwisho, ya kupokea oda za chakula kwa mama lishe wa nyuma ya hosteli? Naitengeneza kwa Django, ule mfumo wa Python wa kuundia tovuti. Kwenye laptop yangu kila kitu safi: kitufe cha kijani "Pokea", chekundu "Futa". Rumeti akasema hapo A iko mfukoni.

Jumanne nikaipandisha kwenye seva. DEBUG nikaiweka False, maana ukiiacha True, siku tovuti ikigoma inawaanikia watu mambo ya ndani ya programu yako. Nikampelekea mama simu. Akaangalia weee, halafu: "Mwanangu, nibonyeze wapi? Mbona naona maandishi tu?"

Nikachungulia. Jamani! Rangi hakuna, maneno ya bluu tu yamepigiwa mstari chini. Foleni ya wateja ndefu, mama ana mwiko mkononi. Akanirudishia simu kwa upole, akachukua daftari lake. Hiyo ya daftari iliniuma kuliko maksi.

Usiku nikabadili rangi, nikaandika !important kila mahali. Wapi! Mwishowe ndo nikafungua ile sehemu ya brauza inayoonyesha kila faili linaloombwa: faili la CSS linarudisha 404. Kumbe vitufe havina kosa, nguo zao ndo hazijafika. Kwenye laptop, runserver ndiyo iliyokuwa inanigawia CSS kimyakimya, na inafanya hivyo DEBUG ikiwa True tu. Huku kwenye seva hakuna wa kuigawa mpaka umpange. Nikaweka STATIC_ROOT, nikaendesha collectstatic ikakusanya mafaili kwenye folda moja, nikaongeza WhiteNoise chini tu ya SecurityMiddleware ili iyagawe. Rangi zikarudi!

Lakini sikulala. Vile "vitufe" vyangu vilikuwa viungo tu, <a> iliyovalishwa btn ya Bootstrap. Ukiivua CSS kinabaki kiungo. Ingekuwa <button>, hata bila rangi mama angeona kitu cha kubonyeza. Tena kiungo kinatuma GET, ambayo haitakiwi kubadilisha chochote, na mimi nilikuwa nafutia oda za watu! Nikageuza vyote kuwa fomu za POST zenye csrf_token.

Leo mchana mama kapokea oda 11 bila kuniita. Daftari bado liko pembeni. "Na umeme ukikatika?" ananiuliza. Hapo sina jibu, na najua maprofesa Ijumaa watauliza hilohilo.

Haya, ngoja nikalale. Mniombee.